Aliyejua wa Kwanza

Mama mkubwa alijua kabla yetu sote. Kabla ya zahanati, kabla ya hospitali, kabla ya kipimo na picha, alikwisha kujua kwamba kuna kitu kimekaa kooni mwake na hakina nia ya kuondoka. Kwanza akawa anasukuma ugali kwa maji. Kisha akauacha ugali, akahamia kwenye loshoro, chakula chetu kilicho laini zaidi. Kisha loshoro nayo ikawa inapita kwa kusitasita, akabaki na uji.

"Chakula kinagota hapa," alisema. Akaonyesha kwa kidole kimoja, chini kidogo ya pale shanga zake zilipolala. Kila aliyemuuliza alionyeshwa mahali pale pale.

Miaka imepita, nami bado nakifikiria kidole kile. Kilibeba elimu gani? Mtu aliyeishi na koo moja tangu kuzaliwa hadi uzee, akameza humo maziwa, machozi na maneno mengi ambayo hakuyasema, elimu yake inahesabiwa wapi? Na akishafukiwa kati ya migomba, elimu ile huenda wapi?

Kwenye zahanati waliandika vidonda vya tumbo. Aliyeandika alikuwa na foleni ndefu mlangoni na kabati lenye dawa chache, na katika vijiji vyetu vya miteremko ya Meru vidonda vya tumbo ndilo jina la karibu la kila maumivu yanayoanzia kifuani na kuishia kitovuni. Mama mkubwa akapewa dawa ya kutafuna. Akarudi, akapewa nyingine. Kidole kikaendelea kuonyesha koo, na karatasi ikaendelea kusema tumbo.

Leo nayajua mambo ambayo wakati ule hakuna aliyetueleza. Najua kwamba saratani ya umio, ile ambayo watu huiita saratani ya koo, ina njia yake katika upande huu wa Afrika: ukanda mrefu unaoshuka kutoka Ethiopia, ukapita Kenya na kaskazini mwa Tanzania, mpaka Malawi. Watafiti wanaitazama chai inayonywewa ikiwa ya moto mno, moshi wa kuni ndani ya nyumba, pombe, tumbaku. Hakuna aliyefika na jibu moja. Mama mkubwa alikunywa chai ingali inatoa mvuke, kama alivyokunywa mama yake, kama tunavyokunywa sisi asubuhi za Julai ukungu unapoteremka kutoka mlimani. Je, kwa kuyajua haya nimemjua zaidi? Au nimejua tu ugonjwa, na mtu akanipita pembeni?

Mlima wetu ungeweza kutufundisha kwamba mwili huwahi kujua kuliko maabara. Meru ni mlima wa volkano, na maji yanayopenya mawe yake hutoka yakiwa na madini ya floraidi. Mashariki ya mji wa Arusha kuna mto unaoitwa Maji ya Chai, kwa rangi yake. Waliokulia huko unawatambua wakicheka, kwa kuwa meno yamevaa rangi ya kahawia. Wapo pia watoto ambao miguu yao ilipinda wakiwa wadogo na haikunyooka tena. Hao hawakuhitaji chupa ya sampuli kuambiwa kwamba maji yao yana jambo. Kwa miaka mingi viwango vya nchi yetu viliruhusu miligramu 4 za floraidi katika lita moja ya maji, wakati Shirika la Afya Duniani lilikuwa likisema 1.5. Baadaye nasi tukashuka mpaka 1.5. Kati ya namba hizo mbili vimo vizazi vya meno.

Ngurdoto kuna kituo cha utafiti ambako mifupa ya ng'ombe huchomwa ikawa mkaa, kisha maji hupitishwa humo yaache floraidi yake. Nimeshika chembe zake kiganjani: nyeusi, nyepesi, zenye kukwaruza kidogo. Mfupa wa mnyama unaokoa mfupa wa mtu. Katika elimu zote nilizowahi kuonyeshwa, hii imenigusa kuliko nyingi, labda kwa sababu ilianzia kwenye kile ambacho watu walishakiona kwenye vinywa vya watoto wao. Haikuwaambia kwamba hawakuona.

Kwa mama mkubwa haikuwa hivyo.

Hospitalini, baada ya mpira kupitishwa kooni na kinyama kukatwa kupelekwa kupimwa, daktari alitoka akauliza, "Ndugu wa mgonjwa ni nani hapa?" Wanawe wakasimama. Wakasogea naye koridoni, karibu na dirisha, na huko ndiko neno saratani lilikotamkwa kwa mara ya kwanza. Mwenye koo alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua chache tu, ameshika mfuko wa plastiki wenye chupa ya uji. Aliwatazama wanawe wakizungumza kama mtu anavyotazama mvua inayonyesha ng'ambo ya bonde.

Kabla ya hapo aliletewa fomu. Ilikuwa ya Kiingereza. Lugha yake ilikuwa Kimaasai cha Waarusha, na Kiswahili alikiongea vizuri akiwa sokoni na kanisani. Muuguzi alimwelekeza pa kuweka dole gumba, akaweka. Nakumbuka wino ulivyobaki kwenye mistari ya kidole, akaufuta kwenye pindo la shuka, ukabaki. Hivyo ndivyo alivyoridhia. Aliridhia nini? Ukimuuliza mtu jambo kwa lugha asiyoijua, kisha akakupa kidole chake, ni nini hasa alichokupa?

Wazee wakaamua asiambiwe. Ataogopa, walisema. Atakata tamaa. Mgonjwa akijua, hufa mapema. Na sisi wa rika la chini, kwetu neno la wazee halijadiliwi koridoni. Uamuzi ule ulitokana na upendo, sina shaka nao. Lakini upendo nao unapata wapi haki ya kujua kwa niaba ya mtu? Tiba ya mionzi wakati ule ilikuwa Dar es Salaam pekee, hospitali ya Ocean Road, zaidi ya kilomita 600 kutoka Arusha. Familia ilipima nauli, ikapima umri wake, ikapima hali yake. Kila kitu kilipimwa. Yeye alikuwa jikoni anakoleza moto.

Haya yalitokea mwaka 2011, na wenye kumbukumbu wataujua mwaka huo kwa jina jingine: mwaka wa kikombe.

Mchungaji mstaafu wa Kilutheri, Ambilikile Mwasapila, aliyekuwa akiishi Samunge, huko Loliondo, alisema Mungu amemwonyesha ndotoni mti wa kutibu watu. Akachemsha mizizi yake, akawapa wagonjwa kikombe kimoja kwa shilingi 500. Kisukari, pumu, shinikizo la damu, saratani, Ukimwi. Kikombe kimoja, mara moja, kutoka mkononi mwake na pale kijijini kwake tu. Kufikia Machi magari yalikuwa yanatoka Arusha usiku na mchana, yakipita Mto wa Mbu na Engaruka, yakiuacha Oldoinyo Lengai pembeni, yakienda kusimama kwenye foleni ya kilomita nyingi vumbini. Askofu Thomas Laizer wa Dayosisi ya Kaskazini Kati, hapa hapa Arusha, alimuunga mkono hadharani. Mawaziri walionekana wakinywa. Watu walitoka Kenya, Uganda, na mbali zaidi. Wengine walitolewa wodini wakiwa na mpira wa dripu mkononi, wakafia njiani, wakafia foleni. Mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe, kama watu walivyomwita mchungaji huyo, aliomba watu wasije mpaka Aprili 1, ili walio kwenye msururu wahudumiwe kwanza.

Mama mkubwa akasema anakwenda.

Hakuomba ruhusa. Aliuza mbuzi, akafunga shuka mbili na chupa ya uji, akapanda Land Cruiser iliyojaa watu asiowajua. Tangu ugonjwa ulipoanza, huo ndio uamuzi wa kwanza alioufanya kwa kinywa chake mwenyewe. Nimejaribu kuusahau ukweli huo, haukubali kusahaulika.

Aliporudi hakusimulia habari za dawa. Alisimulia habari za foleni. Alisema kule kila mtu alikuwa anautaja ugonjwa wake. Mwanamke wa Singida alisema wazi nina Ukimwi, na aliyekaa naye akamkatia kipande cha mkate. Mzee wa Kikamba akaeleza tezi yake mbele ya vijana. Na yeye, kwa siku zile chache, alilieleza koo lake kwa watu wengi, akawaonyesha mahali kwa kidole, nao wakamsikiliza mpaka mwisho kwa kuwa hakuna aliyekuwa na haraka ya kwenda popote. Zamu yake ilipofika alipewa kikombe kupitia dirisha la gari. Kilikuwa kichungu, na koo halikutaka kupitisha. Alikunywa funda moja moja, taratibu, na magari ya nyuma yakamngoja.

Watu wa Arusha tulichekwa wakati ule, tukaandikwa kwenye magazeti ya dunia kuwa watu wa kuamini lolote. Sikubaliani. Mtu aliyeacha kitanda akaenda kukaa vumbini siku kadhaa hakukosa elimu. Alikuwa na elimu yake: alijua hospitali ilimwambia nini na haikumwambia nini, alijua bei ya kila kitu, alijua mwili wake umechoka kiasi gani. Alipima kwa mizani aliyokuwa nayo. Ni nani aliyempa mizani nyingine?

Hata hivyo siwezi kusimama hapo, kwa sababu kuna makaburi. Dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zilianza kutolewa bure nchini mwaka 2004, na zinafanya kazi. Hilo halina mjadala. Wapo waliokunywa kikombe wakaziacha, wakaamini wamepona, na kinga ya mwili haikungoja imani yao. Hakuna uchunguzi uliowahi kuthibitisha kwamba kikombe kile kiliponya Ukimwi, wala saratani, wala kisukari. Elimu ya daktari ilikuwa ya kweli, na ukweli wake ungewaokoa. Nikisema elimu ya mgonjwa ihesabiwe, ninawaambia nini watoto wa walioacha dawa zao kwa hiari yao? Kwamba wazazi wao walichagua? Neno hilo ni jepesi mno kuwekwa juu ya kaburi.

Na mti wenyewe, ulikuwa wa nani? Kule Samunge huitwa mugariga. Sisi tunauita olamuriaki. Ni kichaka chenye miiba iliyokaa kama pembe, na matunda madogo yanayoiva yakawa meusi, matamu, yenye utomvu unaonata midomoni. Tulichuma tukichunga. Mizizi yake wazee waliichemsha kwenye supu tangu zamani, pamoja na magome ya olkiloriti, na mpaka leo kina mama wa Kimaasai huiuza mjini, imefungwa mafungu, imepangwa juu ya gunia. Mwanamke anayeuza hakuota ndoto yoyote. Alifundishwa na mama yake. Ukimuuliza, atakwambia ni ya nini, na si ya nini, na mjamzito asinywe ipi. Hakuna helikopta iliyowahi kutua mbele ya gunia lake, kama zilivyotua Samunge.

Serikali ilituma wataalamu Samunge, wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu na wa Muhimbili. Wakasema dawa, kwa kiasi kile, haina madhara kwa mnywaji. Naona walipima mzizi. Lakini mchungaji hakuwahi kusema nguvu imo ndani ya mzizi. Alisema imo katika neno aliloambiwa, ndiyo maana kikombe hakikuweza kubebwa kwenda nyumbani. Maabara ilipima kile ambacho mwenyewe hakukidai, na kile alichokidai hakina mizani. Elimu mbili zilikaa ndani ya kikombe kimoja na hazikusalimiana. Tuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu mwaka 2002, tuna baraza, tuna usajili wa waganga. Ni jambo jema. Lakini sheria inamuuliza mganga anajua nini. Fomu ya hospitali inaonyesha daktari anajua nini. Karatasi ya kumuuliza mgonjwa sijaiona.

Baada ya mvua za masika kwisha, muuguzi wa tiba shufaa alianza kuja nyumbani. Alikuwa mwanamke wa makamo, kiatu chake kimejaa tope la njia yetu.

"Takwenya, yeyo," alisalimia.

"Iko," mama mkubwa akaitika, kwa sauti iliyokwisha kuwa nyembamba.

Muuguzi akaketi kwenye kigoda, chini kuliko kitanda, akauliza kwa Kimaasai, "Yeyo, wewe unaujua vipi ugonjwa huu wako?"

Tulikuwa upande wa pili wa ukuta wa mbao. Tukamsikia mama mkubwa akinyamaza, kisha akaanza. Alisema ni saratani. Alisema alijua tangu siku ile ya benchi, kwa namna wanawe walivyorudi wakitabasamu. Alisema haitapona. Alisema Samunge alikwenda akijua hivyo, na kwamba kule aliomba jambo jingine, ambalo hakulitaja. Alisema hataki kupelekwa Dar es Salaam akafie mahali asipoujua mlima. Alisema anataka dawa ya maumivu usiku, na uji uwekwe asali. Kisha akasema wanawe wasiambiwe kwamba anajua, kwa kuwa wataogopa.

Kwa miezi yote ile tulimficha, naye akatuficha. Pande zote mbili za ukuta mmoja tulikuwa na elimu ile ile, kila upande umeifunga kwenye kitambaa ili kuulinda upande wa pili. Yapo mazungumzo ambayo yangefanyika na hayakufanyika. Sijui yangekuwa yapi. Labda angetuambia ni mti gani uachwe usikatwe. Labda angetuambia ni nani alimkosea akamsamehe. Labda angekaa tu, nasi tukakaa, na kusingekuwa na haja ya kutabasamu kwa nguvu. Msiba wake naufahamu, una tarehe na una kaburi. Hasara ile nyingine haina pa kuwekwa shada.

Alifariki mvua za vuli zilipoanza. Kwa uamuzi wake mwenyewe, nyumbani.

Babu wa Loliondo naye alifariki dunia Julai 30, 2021. Siku mbili kabla, Julai 28, Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa chanjo ya korona mbele ya kamera, na mjini kwetu kila kijiwe kilikuwa na mabishano: wa nyungu, wa tangawizi, wa barakoa, wa chanjo, wa sala. Nilisikiliza sana siku zile. Kila upande ulikuwa na daktari wake, mtumishi wake, na kipande cha video kwenye simu. Maswali yalikuwa yale yale ya mwaka wa kikombe, na sikusikia yamesogea. Nani anajua? Nani aaminiwe? Anayelala na homa usiku ana neno gani katika baraza hilo?

Wakati mwingine nafikiri elimu zote hizi ni za kweli kwa sehemu yake, na mwanadamu hufa katikati yake. Daktari alijua seli. Mchungaji alijua namna ya kuwaita watu. Mwanamke wa sokoni alijua mzizi. Wazee walijua uzito wa habari. Mama mkubwa alijua mahali, alijua saa, na alijua anachotaka. Elimu yake ndiyo iliyotangulia kuwepo na ndiyo iliyoulizwa mwisho, tena na mtu mmoja aliyekuwa tayari kukaa chini kuliko kitanda chake. Kama ingeulizwa mwanzo, asingepona. Hilo nalikubali. Tangu chakula kilipoanza kugota, huenda muda ulikuwa umekwisha kupita. Kwa hiyo sitafuti uzima wake katika maswali haya. Natafuta tu nafasi yake ndani ya ugonjwa uliokuwa wake.

Wewe unayeuguza mtu sasa hivi, iwe hospitali ya Mount Meru, iwe ya Tengeru, iwe kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yenu, sina ushauri wa kukupa. Nina ombi. Daktari akiwaita koridoni, mwombeni arudi ndani, aseme yale yale, kwa lugha ya mgonjwa, mbele ya mgonjwa.